Je, wajua kwa nini kitu kipya kinaacha kukufurahisha haraka hivyo?

Simu mpya wiki ya kwanza kila ukiitoa mfukoni unaifuta kioo kwa pindo la shati, ukiiweka mezani unaiweka taratibu kama yai. Miezi 3 baadaye unaitupa kitandani bila hata kuangalia imeangukia wapi, na simu ni ile ile, haijaharibika popote. Wahenga walishasema kipya kinyemi ingawa kidonda, sasa huo unyemi unaenda wapi?

Mimi kwa miaka mingi nilijibu kwamba ubaya uko kwenye vitu vyenyewe, kwamba mwenye vichache ndo mwenye furaha. Nikagawa nguo, viatu, vyombo, kabati likabaki tupu, na wiki mbili za mwanzo nilijisikia mwepesi kweli kweli. Halafu ule wepesi nao ukaisha vile vile. Kumbe nilikosea, na naona wengi tunakosea hapo hapo, tunadhani maisha yasiyo na makuu ni kuhesabu vitu na kuvipunguza, wengine wanafika mpaka kuusifia umaskini. Asiyejua kesho atakula nini hana utulivu wowote wa kusifiwa. Mwaka 2023 Matthew Killingsworth, Daniel Kahneman na Barbara Mellers walichapisha uchambuzi wa data za Marekani ukionyesha kwamba kwa watu walio wengi kipato kikipanda furaha nayo inapanda, kwa hiyo ukimwambia mwenye shida kwamba pesa si kitu unamuumiza bure.

Kinachokula utamu ni mazoea. Jipulizie manukato asubuhi, baada ya muda huyasikii tena, ila anayekupita njiani anayasikia vizuri tu. Manukato hayajaondoka, ni pua imeshayazoea ikaacha kukupa habari zake, ili ikitokea harufu nyingine, ya moshi labda, uishtukie. Ubongo na raha ni hivyo hivyo, unapima zaidi tofauti kati ya ulichotegemea na ulichopata. Mtafiti wa ubongo Wolfram Schultz aliliona hili kwa tumbili maabara: tone la juisi likija bila kutegemewa, seli za ubongo zinazotoa dopamini, kemikali inayohusika na raha na kujifunza, zinawaka, tumbili akishajifunza kwamba taa ikiwaka juisi inafuata, seli zinaitikia taa na juisi yenyewe haizistui tena, na juisi isipokuja zinazima kabisa kwa muda. Yaani ukizoea, kupata ni kawaida na kukosa ni maumivu.

Mwaka 1978 Philip Brickman na wenzake waliwahoji washindi 22 wa bahati nasibu wakakuta hawana furaha ya kuwazidi sana watu wengine, na vitu vidogo kama kupiga soga na rafiki au kula kifungua kinywa vimewapungukia ladha. Watu 22 ni wachache mno, na utafiti mkubwa wa Sweden uliotoka 2020 ulikuta washindi wanabaki wameridhika zaidi na maisha yao miaka mingi baadaye, kwa hiyo mazoea hayafuti kila kitu. Ila hilo la soga na kifungua kinywa mimi bado linanigusa.

Basi kuishi bila makuu kunasaidia wapi? Kunavunja mazoea. Jordi Quoidbach na Elizabeth Dunn, mwaka 2013, walichapisha jaribio ambalo watu wengine waliacha chokoleti wiki nzima na wengine walipewa nyingi wale watakavyo, na siku ya kurudi kuionja, walioiacha ndo walioifurahia zaidi. Chokoleti ilikuwa ile ile, wala hakuna aliyeambiwa aiache maisha yake yote.

Epicurus, mwanafalsafa wa Athene zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, alikuwa akitosheka na mkate na maji, na hakuwahi kusema chakula kizuri ni dhambi. Katika barua moja alimwomba rafiki yake amtumie kijungu cha jibini, ili siku akitaka afanye karamu.