Macho makavu si macho yasiyo na machozi

Juzi nimelisikia tena jibu lile lile, safari hii barazani. Mama mmoja alikuwa na kitambaa mkononi, machozi yanamchuruzika, jirani yake akamwambia huenda hayo ni macho makavu. "Makavu vipi," akajibu, "na haya yanayonitoka ni nini?" Waliokaa wote wakamuunga mkono. Jibu hili nimelisikia Unguja na Pemba, kwa wake kwa waume, na linanisikitisha, kwa sababu mara nyingi anayelitoa huishia kununua dawa isiyokuwa yake.

Basi kwa ufupi: macho makavu ni maradhi ya ule utando wa machozi unaofunika uso wa jicho saa zote. Una maji, una ute unaoyashikisha maji kwenye jicho, na juu yake una mafuta yanayoyazuia yasikauke upesi. Kikipungua kimoja, jicho huachwa wazi, likakereketa kama lililoingia mchanga.

Tatizo letu lipo kwenye neno. Kwanza, Kiswahili kilishalipa kazi nyengine. Mkavu wa macho ni mtu asiyekuwa na haya, anayekutazama usoni na hali amekukosea. Ukimwambia mtu mzima kuwa ana macho makavu, kabla hajafikiria maradhi ameshafikiria tusi. Nimewahi kumuona bibi akinuna mbele ya daktari kwa sababu hiyo, na sikumlaumu.

Pili, machozi kwetu ni kitu kinachotoka. Hutoka, humwagika, hutiririka, hudondoka. Neno lenyewe ni kongwe, la Kibantu khasa: Washona wanasema misodzi, Wachewa misozi, Wakikuyu maithori. Lakini lugha yetu haikuyasahau machozi yasiyoanguka. Tunasema machozi yanamlengalenga, yaani yamesimama jichoni, hayajashuka. Utando ninaousema ni machozi ya namna hiyo, ila ni mwembamba hata hauonekani, na haungoji huzuni.

Sasa yule mama. Jicho likikauka huwashwa, na likiwashwa huletewa machozi ya ghafla, yale yale ya kitunguu. Ni maji matupu karibu yote. Hayakai, hushuka shavuni na jicho likabaki vile vile. Kwa hiyo kuchuruzika kwake hakuondoi ukavu, na huenda ndiko kunakouonesha. Mafuta ya kuyazuia maji hutoka kwenye tezi ndogo zilizojipanga kwenye kingo za kope, alizozieleza mganga wa Kijerumani Heinrich Meibom mwaka 1666. Tezi hizo zikiziba, kulia kutwa hakusaidii kitu.

Kwa wengine usiku ndio mbaya zaidi. Tukilala, machozi hutengenezwa kidogo, na kope ndizo zinazobaki na kazi ya ulinzi. Wapo watu ambao kope zao hazifungi sawasawa. Madaktari huiita hali hiyo lagofthalmosi, neno la Kigiriki: lagos ni sungura wa porini, ofthalmos ni jicho, kwani iliaminika kwamba mnyama huyo hulala macho wazi. Shangazi yangu wa Wete aliamka hivyo miaka na miaka, jicho la kulia limeganda, akilifumbua anahisi kama kope inachana kitu. Usiku mmoja wa kaskazi nililala chumbani kwake. Taa ya nje ilikuwa ikiingia dirishani, nikaona baina ya kope za jicho lile mstari mweupe, mwembamba kama uzi. Feni ilikuwa imemwelekea usoni. Asubuhi aliapa kwamba alilala fofofo, na kweli alilala fofofo.

Feni tukaigeuza ielekee miguuni. Hospitali akapewa marhamu ya kulainisha jicho, isiyo na dawa nyengine ndani, ya kutiwa ndani ya kope ya chini pale anapopanda kitandani tu, maana hutia ukungu machoni. Mchana anatia matone ya machozi bandia. Kwa wale ambao mafuta yao ndiyo yaliyoganda, kitambaa safi cha maji ya moto kiasi, juu ya kope zilizofumbwa kwa dakika kama 10, kisha kuzikanda polepole kuelekea kwenye kingo, hufaa sana, lakini ifanywe kila siku. Wanja ufutwe kabla ya kulala. Na simu ile ya kitandani: mtu akiikodolea macho hupepesa kidogo, na asipopepesa utando hautandazwi. Hata baadhi ya dawa za mafua, khasa zile zinazoleta usingizi, hukausha jicho.

Linalonikasirisha zaidi ni kuyachanganya haya na macho mekundu. Yale ya virusi yaliyoenea nchini mwanzoni mwa 2024 huambukiza; ukavu hauambukizi. Matone yaliyobaki kwenye chupa ya jirani si ya kutiwa. Mengine yana steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, na yakitumiwa ovyo yanaweza kupandisha presha ya jicho bila ya mwenyewe kujua, na uoni uliopotea kwa njia hiyo haurudi. Jicho likiuma kwa nguvu, likishindwa kustahamili mwanga, au likianza kuona vibaya, hapo si pa kungoja: ni Mnazi Mmoja au hospitali iliyo karibu, siku hiyo hiyo.

Yule mama wa barazani nilimsindikiza mpaka mlangoni kwake. Nikamwambia, "Mama'ngu, hakuna aliyesema huna machozi. Unayo, tena mengi. Unayoyakosa ni yale yanayokaa."