Kisiki hai: miti ambayo tayari imo shambani

Katika kazi yangu ya kuyashauri mashirika ya Kikristo yanayowasaidia wakulima maskini kurejesha ardhi iliyochakaa, swali ninaloulizwa kwanza karibu kila mara ni miche mingapi inunuliwe. Mimi huomba kwanza tutembee shambani, kwa kuwa mara nyingi miti inayotafutwa imo humo humo, katika vichaka ambavyo mkulima huvifyeka kila msimu akivihesabu kuwa magugu.

Aliyeieneza njia hii ya kukuza upya miti kutoka kwenye visiki vilivyo hai, badala ya kupanda miche, ni Tony Rinaudo, mmisionari na mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, aliyefanya kazi Niger tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kushuhudia miche mingi ikifa kwa ukame, mchanga na mifugo. Mwaka 1983 alisimamisha gari ili apunguze upepo wa matairi asije akakwama mchangani, akatambua kwamba kichaka kilichokuwa mbele yake ni machipukizi ya mti uliokatwa zamani, ambao mizizi yake ilikuwa bado hai. Baadaye takriban hekta milioni 5 za nchi hiyo zilirudiwa na miti kwa namna hiyo, na wakulima wengi walijifunza kwa jirani zao tu.

Kazi yenyewe inataka panga kali na subira. Kwenye kisiki chenye machipukizi ishirini, mkulima huchagua machache yaliyonyooka, huondoa mengine, kisha hupogoa matawi ya pembeni ya yale aliyoyabakiza, akikata kutoka chini kwenda juu ili gome lisichunike. Mkoani Dodoma, ambako shirika la LEAD Foundation hufundisha njia hii kwa jina la Kisiki Hai, chipukizi lililochaguliwa hufungwa kitambaa, ili mchungaji (yule wa mbuzi, si wa kanisa) ajue kwamba lina mwenyewe.

Ugumu uko hapo kwenye umiliki. Sheria za Niger ziliihesabu miti kuwa mali ya serikali, hivyo mkulima hakuwa na sababu ya kuutunza mti ambao angetozwa faini kwa kuukata. Wakati wa njaa ya 1984 watu walipewa chakula ili watunze machipukizi. Mpango ulipokwisha, miti mingi ilikatwa. Ndiyo maana mimi hushauri fedha za msaada ziende zaidi kwenye vikao vya wakulima, wafugaji na serikali ya kijiji, hadi ipatikane sheria ndogo inayosema nani anachunga wapi na nani ana haki ya kuvuna. Wafadhili hawapendi sana bajeti ya namna hii, maana kikao hakina picha nzuri kama mche mkononi mwa mtoto.

Ninaporudi baada ya masika huvihesabu vitambaa, lakini kabla ya hapo huwauliza kina mama kama matawi yaliyopogolewa yamewatosha kwa kuni, au bado wanazifuata mbali.