Kizuia upepo cha gari la paa la kukunja: yanayosemwa na yaliyo kweli

Wengi wanaonunua kizuia upepo, yaani wavu au bamba linalosimamishwa nyuma ya viti, huanza na bei au umbo. Swali la kwanza ni upepo wenyewe unatokea wapi, maana ukikosea hapo, vipimo vyote vinavyofuata vitakosewa.

Dhana: Upepo unaosumbua unatoka mbele.

Gari likienda kasi paa likiwa limefunuliwa, hewa hupanda kioo cha mbele, huachana nacho kwenye ukingo wa juu na kupita juu ya vichwa. Ndani ya gari, nyuma ya kioo hicho, kanieneo ya hewa hushuka. Hewa iliyokwisha kupita hujikunja nyuma ya viti na kurudi mbele kujaza upungufu huo. Ndiyo sababu nywele za dereva humwangukia usoni, na baridi humshika shingoni kabla ya kumfika kifuani. Kizuia upepo hukaa nyuma ya viti vya mbele ili kuifunga njia hiyo ya marejeo.

Jambo hili unaweza kulipima kabla ya kununua chochote. Kata nyuzi za sufu za sentimita 10 hivi, uzibandike kwa tepu juu ya viegemeo vya kichwa, ubavuni mwa viti, na katika nafasi iliyo kati ya viti viwili. Abiria ndiye atazame, dereva aangalie barabara. Nendeni kilomita 60 kwa saa, kisha 90 pale sheria inaporuhusu. Uzi unaoelekea mbele unaonyesha mahali hewa inaporudia. Chunguzeni sana ile nafasi kati ya viti, chini karibu na breki ya mkono: ni njia pana ya hewa, na vizuia upepo vingi huiacha wazi.

Dhana: Kikiwa kirefu zaidi, kinafanya kazi zaidi.

Ukingo wa juu unatosha ukilingana na utosi wa anayeendesha, na usipite usawa wa ukingo wa juu wa kioo cha mbele. Kuzidi hapo ni kukiingiza katika mkondo wa hewa yenye kasi. Kitatetemeka, kitavuma, na uzito wote wa upepo utahamia kwenye vishikizo. Nguvu ya upepo huongezeka kwa mraba wa mwendo: kutoka kilomita 60 hadi 120 kwa saa, nguvu hiyo huwa mara nne. Kishikizo kilichoonekana imara mjini kinaweza kung'oka kwenye barabara kuu.

Kaa kwenye kiti ukiwa umekiweka unavyokiweka siku zote, mtu mwingine apime kutoka mahali kitakapofungwa hadi utosini mwako. Kabla hajamaliza, tazama kioo cha ndani cha kuonea nyuma. Ikiwa ukingo wa juu utapita katikati ya picha unayoiona, chagua kingine, au hakikisha kwamba unaona vizuri kupitia kile ulichokichagua.

Zaidi ya urefu, angalia mapengo. Kifupi kinachoziba vizuri chini na katikati ya viti kina faida kuliko kirefu kinachoacha uwazi wa shubiri nzima chini yake.

Dhana: Bamba gumu linaloonyesha ni bora kuliko wavu, basi.

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Wavu hauzibi. Hupunguza kasi ya hewa inayopita ndani yake. Ni mwepesi, hukunjika, hauvunjiki, na hautoi mng'ao wa taa za magari yaliyo nyuma. Ubaya wake ni kwamba hutia giza kwenye kioo cha kuonea nyuma, hasa usiku, na ukilegea huanza kupigapiga. Kabla ya kununua, ubonyeze katikati kwa kidole: unapaswa kurudi mara moja. Ukibaki umebonyea, uache.

Bamba huzuia hewa nyingi zaidi na likiwa safi huonyesha vizuri, lakini aina zake hazilingani. Akriliki huvumilia jua na haichubuki upesi, ila ikigongwa hupasuka. Polikaboneti hustahimili kipigo kikali, ila huchubuka kwa urahisi, na isipopakwa tabaka la kukinga miale ya jua hugeuka manjano. Kioo cha gari kilichotiwa ugumu kwa joto ni kizuri na ni kizito. Hakiwezi kukatwa wala kutobolewa baada ya kutengenezwa, hivyo lazima kiagizwe kwa vipimo kamili. Kwa akriliki au polikaboneti inayotanda upana wote wa gari, milimita 3 ni nyembamba mno na itatetemeka. Tafuta 5 au 6. Kingo ziwe zimelainishwa na pembe ziwe za mviringo, kwa sababu zinakaa nyuma ya shingo za watu.

Nyufa nyingi za akriliki huanzia kwenye matundu ya bolti. Bamba la mita 1 joto lake likipanda kwa nyuzi 40 za Selsiasi hurefuka karibu milimita 3. Tundu likiwa limebana bolti, bamba halina pa kwenda, basi hupasuka. Tundu lizidi bolti kwa milimita 2 hivi, weka washa (pete bapa) za mpira pande zote mbili, na ukaze mpaka lisicheze, kisha uache hapo.

Dhana: Upana ukilingana, kitaingia gari lolote.

Upana ni kipimo kimoja tu. Kuna paa linaloshuka, viti vinavyolala nyuma, mikanda ya usalama, na katika baadhi ya magari kuna matao yanayochomoza yenyewe gari linapotaka kupinduka. Kitu chochote kinachozuia matao hayo kuchomoza kisifungwe kabisa. Kata mfano wa kadibodi kwa vipimo vya kizuia upepo, uushikize mahali pake gari likiwa limesimama, halafu funua na ufunge paa polepole, ukilisimamisha njiani kutazama kama linagusa. Rudisha viti nyuma hadi mwisho. Vuta mikanda yote miwili uone kama inapita bila kusuguliwa.

Tao la usalama, yaani chuma kilichopinda nyuma ya viti, lisitobolewe kwa drili. Tundu hulidhoofisha, na siku ya ajali ndilo linaloshikilia uhai. Tumia mikanda ya velkro au vibano vyenye mpira ndani, kisha ukague kila kishikizo baada ya safari ya kwanza, kwa sababu mikanda mipya hulegea. Na kizuia upepo chenyewe hakiongezi kinga yoyote gari likipinduka.

Dhana: Kwenye gari la viti vinne, abiria wa nyuma nao watanufaika.

Kile cha kawaida hufunika viti vya nyuma kwa wavu wa kulala, kisha husimamisha wavu wa pili nyuma ya viti vya mbele. Kikishafungwa, hakuna anayekaa nyuma. Wenye familia wajue hili mapema, na wapime kama kikikunjwa kitaingia kwenye buti paa likiwa limeshuka. Kuwakinga wa nyuma kunahitaji mpango mwingine: mfumo wa AIRCAP wa Mercedes-Benz, uliokuja na gari la E-Class la paa la kukunja la mwaka 2010, hunyanyua ubapa juu ya kioo cha mbele na kutumia wavu nyuma ya viti vya nyuma.

Dhana: Ukiwa nacho, vioo vya milango havina kazi.

Vina kazi kubwa. Ukivishusha, hewa huingia ubavuni na kuzunguka kizuia upepo. Anza kwa kuvipandisha vyote, maana huenda hilo pekee likakutosha.

Dhana: Kinaondoa kelele.

Kinapunguza msukosuko wa hewa masikioni, na mazungumzo huwa rahisi. Mngurumo wa matairi na wa injini hubaki. Mluzi ukianza baada ya kufunga, tafuta mkanda uliotanda bapa kwenye upepo na uusokote mzunguko mmoja kabla ya kuubana tena. Mluzi ukitoka kwenye ukingo wa kizuia upepo, vika ukingo huo ufito wa mpira.

Dhana: Dawa ya kusafishia vioo inafaa.

Kwa kioo halisi, ndiyo. Kwa akriliki na polikaboneti, amonia huacha ukungu na vijiufa visivyofutika. Mwagia maji kwanza yaondoe vumbi, kisha osha kwa sabuni laini na kitambaa cha nyuzi laini. Vumbi likisuguliwa kavu, usiku mikwaruzo yote huwaka kwa taa za gari lililo nyuma yako.