Suti ya mbio na kofia ya kijiweni: tunayoyakosea kuhusu mavazi ya pikipiki

Jumapili moja nilikuwa kwenye kibanda cha kuonyeshea mpira, ila saa hiyo skrini ilikuwa na mbio za MotoGP. Kushoto na kulia nimezungukwa na vijana wa kijiwe cha bodaboda cha jirani. Dereva mmoja akalaza pikipiki kwenye kona, tairi la mbele likamponyoka, akateleza kwa mgongo mpaka kwenye kokoto, akabingirika, akainuka na kuanza kuikimbilia pikipiki yake. Kibanda kizima kikapiga kelele. Kijana aliyekaa pembeni yangu akatikisa kichwa.

"Kaka, yule kavaa mamilioni. Halafu anakimbia mia tatu. Sisi hapa ni arobaini, hamsini, abiria tunampeleka Sinza tu. Ya nini yote yale?"

Nje, helmeti yake ilikuwa imevishwa juu ya kioo cha pembeni cha pikipiki, mkanda wa kidevuni umekatika na kufungwa fundo. Nimeyafikiria sana maneno yake, maana si yake peke yake. Nayasikia kila siku, na mengi yana sura ya ukweli kabisa mpaka uyachunguze.

"Haya ni mavazi ya wanaokimbia"

Mwaka 1981, Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walitoa ripoti ya ajali zaidi ya 900 za pikipiki walizozichunguza wenyewe Los Angeles. Mwendo wa kati kabla hatari haijatokea ulikuwa takriban kilomita 48 kwa saa. Wakati wa kugongana ulishuka hadi takriban 35. Ajali nyingi zilikuwa za safari fupi, za kwenda dukani au kwa rafiki, na zilitokea muda mfupi baada ya mtu kuondoka alikokuwa. Yaani ile ile "nakwenda hapo tu".

Kuna jambo jingine ambalo ningependa kila mwendesha pikipiki alielewe. Kwenye kiwango cha Ulaya cha ECE 22.05, kilichotangulia toleo la sasa, helmeti ilipimwa kwa kugongeshwa kwenye chuma kwa mwendo wa mita 7.5 kwa sekunde, ambao ni kilomita 27 kwa saa. Ni sawa na kuiachia ianguke kutoka karibu mita 3. Watu wakisikia hivyo huona wanadanganywa: kilomita 27 zitamsaidia nini anayekwenda 300?

Ila anayeanguka ana miendo miwili kwa pamoja. Upo mwendo wa kwenda mbele, ule unaosomeka kwenye spidimita, na upo mwendo wa kwenda chini, kutoka kwenye kiti hadi kwenye lami. Huu wa chini hauna habari na gia uliyokuwa nayo. Unategemea kimo tu. Kichwa kikipigwa na barabara tambarare, kinapigwa hasa na mwendo wa chini. Ule wa mbele huishia kwenye kuteleza, alimradi njiani hakuna kitu.

Na hapo ndipo tunapoachana na dereva wa MotoGP. Uwanja wake umejengwa ili ateleze: kuna eneo la wazi nje ya kona, kokoto za kumpunguza kasi, mito mikubwa ya hewa mbele ya kuta, na madaktari dakika chache tu kutoka hapo. Sisi tuna nguzo ya umeme, mtaro usio na mfuniko, kingo za kalavati, na daladala inayotokea upande wa pili. Mwaka 2013, kwenye mazoezi ya Mugello kule Italia, Marc Márquez alipoteza udhibiti akiwa kwenye kasi ya zaidi ya kilomita 300 kwa saa, akaanguka, na Jumapili alikuwa kwenye mstari wa kuanzia mbio. Suti na helmeti vilifanya kazi yake, na nafasi ya kuteleza nayo ilifanya yake. Ukimwondolea ile nafasi, hata suti ya bei kubwa hubaki na kazi ngumu. Kwa hiyo kijana wa kilomita 40 mjini hana sababu ya kuvaa pungufu kwa vile tu anakwenda polepole.

"Aliyevaa kama wa mbio haumii"

Hii ni pacha wa ile ya kwanza, na inaua pia. Marco Simoncelli alikuwa na mavazi bora kuliko tutakayoyagusa wengi wetu, lakini alifariki Oktoba 2011 huko Sepang, Malaysia, baada ya kuanguka na kugongwa na waliokuwa nyuma yake. Ngozi huzuia kuchubuka, povu hupunguza pigo. Hakuna vazi la pikipiki lililotengenezwa kumwokoa mtu na uzito wa gari lililomkanyaga. Nimewaona vijana wakibadilika siku ile ile wanaponunua jaketi zuri: kona wanazikata kwa pupa, malori wanayapita kushoto.

"Helmeti nzuri ni ile ngumu"

Ganda ngumu ni nusu ya kazi, tena nusu ndogo. Chini ya kitambaa cha ndani kuna povu gumu, ndugu wa lile jeupe linalokuja kwenye boksi la friji mpya. Ganda hutawanya pigo na kuzuia kitu chenye ncha. Povu ndilo linalokufa badala yako. Linapondeka, na katika kupondeka linakipa kichwa muda kidogo zaidi wa kusimama. Ubongo hauna mwingine wa kuusaidia.

Ukiwa dukani, ingiza kidole gumba ndani, sukuma kitambaa pembeni na ubonyeze. Ukikuta kitu kinabonyea kama sifongo na kurudi, na chini yake ni plastiki tupu, hiyo ni kofia ya kumkwepa trafiki. Povu la kweli hukigomea kidole.

Kwa kuwa povu likishapondeka halirudi, helmeti iliyokwishapata ajali imemaliza kazi hata kama nje haina ufa. Ndiyo maana siinunui ya mtumba, hata iwe na jina kubwa na rangi za bingwa fulani, kwa sababu siwezi kujua imepitia nini. Kuna na uharibifu wa polepole tunaoufanya bila kujua. Kuivisha juu ya kioo cha pembeni, kama alivyofanya yule kijana, kunachimba povu sehemu ile ile kila siku. Kuisafisha kwa petroli ni vibaya zaidi, petroli huliyeyusha. Maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo vinatosha.

Elimu hii ina gharama iliyolipwa na watu. Mwaka 1914, baada ya daktari wa uwanja wa Brooklands, Eric Gardner, kutengeneza kofia ya turubai iliyopakwa lakri, waandaaji wa mbio za Isle of Man TT waliwalazimisha madereva kuivaa. Kwa hiyo mbio zilitangulia. Barabarani ilichukua muda mrefu sana. Mwaka 1935, T. E. Lawrence, yule Mwingereza aliyejulikana kama Lawrence wa Uarabuni, alianguka na pikipiki yake bila kofia na akafa siku chache baadaye. Miongoni mwa madaktari waliomhudumia alikuwamo mpasuaji wa ubongo Hugh Cairns, ambaye baadaye alianza kufuatilia vifo vya waendesha pikipiki na kuandika juu ya helmeti. Mwishoni mwa 1941 jeshi la Uingereza likawalazimisha askari wake wa pikipiki kuvaa. Raia wa kawaida walisubiri sheria hadi 1973.

"Ya bei kubwa ndiyo salama, na yenye stika ya DOT ni halali"

Serikali ya Uingereza ina mpango unaoitwa SHARP, ulioanza 2007, unaonunua helmeti madukani, kuzigongesha na kuzipa nyota 1 hadi 5. Helmeti za bei ya kawaida zimepata nyota 5, na za bei kubwa zimewahi kupata chache. Pesa ya ziada mara nyingi hununua wepesi, ukimya, hewa nzuri na rangi. Vina faida, ila ni jambo tofauti.

Stika ya DOT ni alama ya kiwango cha Marekani, na kwa utaratibu wa kule mtengenezaji hujithibitisha mwenyewe. Kuichapisha stika ya namna hiyo hakumshindi mtu yeyote mwenye printa. Mimi hutafuta lebo ya ECE: kitambaa kidogo kilichoshonewa kwenye mkanda wa kidevuni, chenye herufi E ndani ya duara na namba ya nchi iliyoidhinisha (3 ni Italia, 9 ni Hispania, 11 ni Uingereza). Toleo jipya ni 22.06, ambalo limeongeza kipimo cha pigo la kuzungusha kichwa, maana ubongo huumia pia kwa kusokoteka. Kwenye MotoGP hata hiyo haitoshi: tangu 2019 helmeti lazima iwe na idhini ya FIM lenyewe, shirikisho la kimataifa la michezo ya pikipiki.

Kwenye lebo hiyo hiyo angalia herufi. P maana yake sehemu ya kidevu imepimwa na inalinda. J ni helmeti isiyofunika kidevu. Nusu-kichwa tunazozipenda kwa sababu ya joto zinaacha uso wazi, na uchunguzi wa mtafiti wa ajali Dietmar Otte huko Ujerumani ulikuta karibu theluthi moja ya mapigo kwenye helmeti yaliangukia eneo la kidevu. Hilo ndilo lililonifanya niachane na nusu-kichwa, joto la Dar es Salaam na yote.

"Inaziba masikio, na huvunja shingo"

Ripoti ya Hurt ilitafuta hasa jambo hilo na haikuona kuwa helmeti inamzuia mtu kusikia au kuona yaliyo muhimu barabarani. ECE inadai nafasi ya kuona ya nyuzi 105 kila upande. Na mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, yaliyokusanya tafiti nyingi, yalikuta helmeti inapunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69, bila ushahidi kwamba inaongeza majeraha ya shingo.

"Jaketi la ngozi ni jaketi la ngozi, na jinzi ni nzito"

Jinzi ya kawaida ikisuguliwa kwenye lami kwa mwendo wa barabarani hutoboka chini ya sekunde moja. Kuteleza huchukua muda zaidi ya huo. Na jaketi la ngozi la kuvalia harusini lina ngozi nyembamba na mshono mmoja. Likiguswa na lami, mshono hufumuka kabla ngozi haijachakaa. Suti za mbio hutumia ngozi ya ng'ombe au ya kangaruu, hushonwa mara mbili au tatu, na mishono huepushwa sehemu zinazotangulia chini. Zitazame magotini: kuna vipande vya plastiki vilivyobandikwa, vimelika upande mmoja kwa kusugua kona. Mgongoni kuna nundu. Wengi wanadhani ni ya upepo pekee, kumbe ndani yake hukaa vifaa vya elektroniki vya mfuko wa hewa. Tangu 2018 madereva wote wa madaraja matatu ya mashindano hayo wanalazimika kuwa na mfuko huo. Unahisi mwili umeanza kuruka na kujaa kabla mtu hajafika chini.

Wa barabarani hahitaji nundu. Anahitaji lebo. Nguo za pikipiki za Ulaya hupangwa madaraja kwa kiwango cha EN 17092, AAA ikiwa ya juu, kisha AA, kisha A. Vibao vya kiwiko, bega na goti hupimwa kwa EN 1621-1, vya mgongo kwa EN 1621-2, ambapo daraja la 2 hupitisha nguvu ndogo kuliko la 1. Uliza, kisha vua kibao chenyewe mfukoni mwake ukisome. Majaketi mengi huuzwa na kipande cha sifongo tu mgongoni, cha kujazia nafasi. Kwa joto la pwani yapo ya kitambaa cha wavu imara yanayopitisha hewa. Ni pungufu kuliko ngozi, lakini utalivaa, na la ngozi utaliacha nyumbani.

Kama mfuko ni mdogo, baada ya helmeti nunua glovu, kisha viatu vinavyofunika kifundo cha mguu. Anayeanguka hutanguliza viganja, hata kama ameapa hatafanya hivyo. Kuhusu ndala, nimeona kisigino kilichopita kwenye lami, na sitakieleza hapa.

"Nimevaa, si imekaa kichwani?"

Yule kijana wa fundo alinijibu hivi tulipotoka kibandani. Helmeti isiyofungwa hutoka mapema, kabla kichwa hakijafika chini. Kwenye mbio hutumika pete mbili: mkanda unapita katikati ya zote, unarudi juu ya moja na chini ya nyingine, unavutwa. Hazina kitufe cha kuchoka wala kufyatuka. Mkanda ukifungwa, vidole viwili tu viingie chini yake.

Abiria naye ana kichwa chake, na helmeti ya ziada anayopewa huwa kubwa kwa kila mtu. Siku hizi nikipanda, namwambia dereva asubiri. Nafunga mkanda, nainama kidogo, naishika helmeti kwa nyuma, chini pale shingoni, na kuivuta kwenda mbele kwa nguvu kama ninayetaka kuivua. Ikipanda na kuvuka kisogo, nashuka na kumwomba nyingine.

"Kaka, tutachelewa," huniambia. Namwambia nina muda.