Jina la mchezaji likifika jukwaani Nangwanda

Kijana mmoja wa tawi letu alinijia na karatasi. Kamtungia wimbo beki wetu mpya, beti tatu, vina vimekaa barabara. Nikamwambia, mdogo wangu, hili shairi lipeleke redioni. Jukwaani nani atakumbuka ubeti wa pili, na mpira umeshaingia kumi na nane, mbele ya goli?

Mimi nafundisha ngoma, na tangu Ndanda, timu yetu ya Mtwara, ilipopanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15 nimekuwa nikianzisha nyimbo pale uwanja wa Nangwanda Sijaona. Akisajiliwa mchezaji, kabla sijamwona akigusa mpira, nahesabu kwanza silabi za jina lake. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na hapo ndipo umati hupenda kuvuta sauti. Kwa hiyo jina la silabi tatu ni zawadi: Ma-YE-le. Sa-MA-tta. Ka-GE-re. Ya kwanza unapandia, ya kati unaivuta mapigo matatu, ya mwisho unaiangusha pamoja na ngoma kubwa. Gonga meza ujaribu. Lusajo, enzi zile anaifungia Namungo kule Ruangwa, alikuwa humo humo.

Jina la silabi mbili, kama Bocco, ukilivuta linakatika. Hilo linataka kurudiwa harakaharaka, na mikono ipige kazi.

Likiishia konsonanti tunalipa irabu, na hatumwombi mtu ruhusa. Pacome Zouzoua wa Yanga, kwao Ivory Coast jina lake la kwanza hutamkwa likaishia kwenye m. Huku kila mtu anasema Pakome, silabi tatu, tayari kuimbwa.

Majina marefu ndiyo yaliyonitesa. Tulikuwa na kiungo mmoja, jina lake silabi sita. Mechi mbili tulihangaika naye: ngoma inafika mwisho, sisi bado tuko katikati ya jina. Mechi ya tatu akamnyang'anya mtu mpira, akauchomoa katikati ya miguu minne, na mama mmoja anayeuza ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuliwa, pale getini, siku hiyo kaingia na beseni lake, akapiga kelele: "Huyo mchimba ming'oko!" Aliyewahi kuchimba ming'oko porini anajua ule mkono unaoingia ardhini taratibu na kutoka na kitu. Jukwaa zima likacheka, kisha mtu nyuma yangu akaitikia, "Chimba!" Basi, wimbo umepatikana. Mimi naita "Mchimba ming'okooo", watu wanajibu "Chimba!", na kila akikaba wanajibu hata kabla sijaita. Miaka yangu yote ya kufundisha, yule mama alinishinda kwa pumzi moja.

Na ngoma yenyewe ina mambo yake. Vinganga, zile ngoma ndogo za Kimakonde zenye sauti kali, zina mguu mmoja uliochongoka. Unauchomeka ardhini, unapiga kwa fito nyembamba. Sasa jukwaa ni zege. Tulijaribu kubana kwa mapaja, ngoma ikawa inazunguka kama pia. Siku hizi naingia na ndoo ya mchanga, na kila mara mlinzi wa getini anataka kujua kuna nini humo.

Mayele alipoanza kutetema, kule kutikisa mwili kushangilia bao, akiwa Yanga, wenzetu wa kwingine waliona jambo jipya. Huku watoto waliokulia kwenye sindimba, ngoma ya Kimakonde ya kukata kiuno, waliipokea kiunoni moja kwa moja, na wakaiongezea.

Tatizo la wimbo wa mtu ni kwamba mtu anahama. Straika wetu mmoja tulimwimbia msimu mzima, akaondoka, akarudi na jezi nyingine. Dakika ya kumi kijana wangu mmoja akaanzisha wimbo ule ule kwa mazoea, na watu wakaitikia! Tukamshangilia adui nyumbani kwetu. Yule bwana akageuka, akatupungia mkono. Nilitamani kujificha ndani ya ndoo.

Tukirudi kwenye ile karatasi: jina la beki lina silabi nne, mkazo unaangukia pazuri. Nimekata beti zote, nimebakiza maneno matatu ya mstari wa mwisho. Kijana kanuna siku mbili. Jana kaja mazoezini, kashika fito, akaomba aanzishe yeye.