Je, wajua kwa nini taa.s na taa.S ni faili mbili Arusha lakini moja Moshi?

Jumamosi moja nilipanda Coaster kutoka Arusha kwenda Moshi, mfukoni nikiwa na flashi yenye zipu ya programu yangu ndogo ya asembli, lugha iliyo karibu sana na ile ya prosesa yenyewe. Binamu yangu akaifungua kwenye laptopu yake ya Windows, mara dirisha likauliza: faili yenye jina hili ipo, uibadilishe? Akabofya ndiyo. Nilikuwa nimefunga mafaili matatu, yakabaki mawili.

Lililopotea lilikuwa taa.S, nililoliandika kwa mkono. Lililolikalia nafasi ni taa.s, ambalo GCC, programu ya kutafsiri msimbo wa lugha C, hulitoa yenyewe ukiiamuru kwa gcc -S taa.c.

Laptopu yangu inatumia Linux, na ext4, mfumo wake wa kupanga mafaili kwenye diski, kwa kawaida hulinganisha majina kwa namba ya kila herufi: s ni 115, S ni 83, basi hayo ni majina mawili. NTFS, mfumo wa mafaili wa Windows, ina jedwali la herufi kubwa, na hulipitia kabla ya kulinganisha. Ni kama abiria wa stendi: Coaster iandikwe MOSHI au Moshi, anapanda tu. Mac nazo, zikiwa na mipangilio ya kiwandani, zina tabia hiyohiyo.

Sasa kwa nini GCC itofautishe herufi hizo? Faili la .S hupitishwa kwanza kwenye hatua ya awali ya lugha C, ile inayoshughulikia #include na #define. La .s huenda moja kwa moja kwa asembla, programu inayogeuza asembli kuwa msimbo wa mashine. Hapo ndipo kero ilipo: kwenye prosesa za aina ya x86 asembla huhesabu # kuwa mwanzo wa maoni, hivyo #define yako inarukwa kimyakimya. Kosa linajitokeza baadaye, wakati wa kuunganisha, likidai kuna jina lisilojulikana. Unaweza kukesha ukitafuta kosa kwenye msimbo, kumbe liko kwenye jina la faili.

Wengine hukimbilia .asm, mazoea ya tangu enzi za DOS. GCC hailitambui, hulirusha kwa linka, programu ya ile hatua ya kuunganisha, nayo haiwezi kulisoma. Mimi naona .sx ndiyo nafuu, maana GCC huitendea sawa na .S na haitegemei tofauti ya herufi kubwa na ndogo.

Niliporudi Arusha nikalibatiza taa.S jina la taa.sx, nikafunga zipu upya na kuituma. Safari hii dirisha halikuuliza kitu.