Altrasaundi si eksirei

Ujumbe ule haukosi kurudi kwenye magrupu: "Mjamzito usipige altrasaundi ya 3D, mionzi yake inachoma viungo vya mtoto." Si kweli. Altrasaundi ni sauti, ya juu mno hata sikio haliipati: mitetemo ya mamilioni kwa sekunde, wakati sikio letu huishia kama 20,000. Mashine hutuma sauti, hupokea mwangwi, kisha kompyuta huunganisha vipande vingi kuwa sura moja yenye kina, ndiyo hiyo 3D. Ile rangi ya chungwa usoni kwa mtoto kwenye picha? Imepakwa na kompyuta. Tumboni hamna kamera.

Ukitaka kuhakiki, angalia chumba. Penye eksirei, ambayo ndiyo hutumia mionzi, mlangoni pana alama ya onyo, na mpimaji hujikinga. Kwenye altrasaundi anakaa ubavuni pako, kifaa mkononi, mgonjwa baada ya mgonjwa.

Kinachochanganya, nadhani, ni kibao: hospitali nyingi huweka vipimo vyote viwili chini ya "Idara ya Mionzi". Ni kweli sauti hiyo yaweza kupasha mwili joto kidogo, ndiyo maana hupimwa kwa sababu ya kitabibu na kwa muda mfupi, si kutafuta picha ya kumbukumbu. Lakini anayekimbia kipimo huenda asijue mapema kasoro ya moyo au uti wa mgongo wa mtoto. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali uishie kwako.